Tumecheza Lost Mine of Phandelver kwa Kiswahili mwanzo hadi mwisho: mapitio ya moduli kutoka mezani, siyo kitandani (uzi mrefu)

Kizibo17 (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Uzi huu nimeuahirisha tangu Pasaka. Ni kwa wanaocheza Dungeons & Dragons, yaani D&D, na kwa wale wanaosikia jina tu wakadhani ni gemu ya kompyuta. Siyo ya kompyuta. Ni watu watano mezani, karatasi, penseli na dadu. Mmoja ni msimulizi, wenyewe wanamwita DM. Yeye anaeleza mnachokiona, nyie mnasema mnafanya nini, dadu inaamua mmefanikiwa au mmeumbuka. Ulianza Marekani mwaka 1974, watunzi ni Gary Gygax na Dave Arneson.

Moduli ni kijitabu cha kisa kilichoandaliwa: ramani, maadui, mitego, watu wa kuongea nao. Msimulizi anakisoma peke yake, wachezaji hawaruhusiwi kuchungulia.

Sasa kilichonitoa mafichoni. Mapitio mengi ya moduli ninayokutana nayo yameandikwa na mtu aliyeisoma amelala chali. Anasifia picha. Anasifia historia ya ufalme ulioanguka miaka elfu iliyopita. Anatoa nyota nne, anaondoka. Hakuna mahali anaposema mchezaji wake alifanya nini alipofika kwenye ule mlango. Ni sawa na kukagua daladala ikiwa imepaki gereji: rangi nzuri, viti vizuri, kumbe breki hujaigusa.

Kwa hiyo haya ni mapitio ya tuliyoyacheza. Timu yetu: mimi msimulizi, dada yangu mkubwa, binamu, jirani ambaye ni fundi simu, na mwalimu wa hesabu wa sekondari. Jumamosi jioni, barazani kwa dada, Sinza. Lugha ni Kiswahili, kijitabu ni cha Kiingereza, natafsiri papo hapo.

Naanza na Lost Mine of Phandelver, iliyotoka mwaka 2014 kwenye boksi la wanaoanza. Ndani kuna kijitabu cha sheria kurasa 32, cha kisa kurasa 64, wahusika watano tayari na dadu sita. Sisi boksi tuliazima na dadu hazikuwemo, mwenye boksi alishazipoteza. Nitafika huko.

Kisa kinaanza hivi: mmekodiwa na mbilikimo mmoja, Gundren Rockseeker, mpeleke mkokoteni wa mizigo kutoka mji wa Neverwinter hadi kijiji cha Phandalin. Yeye ametangulia. Mkokoteni unavutwa na maksai wawili. Mnakata kona, mnakuta farasi wawili wamekufa katikati ya njia, wamechomwa mishale yenye manyoya meusi. Vichakani pande zote mbili kuna magoblini wanne, viumbe wafupi wabaya.

Msomaji wa kitandani hapa anaandika: shambulio la kawaida, limechosha. Mezani kilitokea hiki. Fundi simu, hajawahi kucheza kitu kama hiki maishani mwake, aliniuliza: "Damu imekauka au bado?"

Nikamwambia imekauka.

"Basi hao waliofanya hivi wana muda wa kutosha kujipanga. Mimi sisogei. Nafungua maksai mmoja, nampiga fimbo aende mbele."

Kijitabu hakina sentensi hata moja kuhusu kumtoa maksai kafara. Lakini kinasema magoblini wako wapi, kinasema wawili wanakuja kwa mapanga na wawili wanabaki nyuma na pinde, na kinasema wanataka nini: mizigo. Hivyo nilijua jibu bila kutafuta. Goblini mwenye njaa ya mizigo hampigi maksai mshale, anamkamata. Wawili wakatoka kichakani kumkamata, na kuanzia hapo walionaswa walikuwa wao.

Hapo ndipo nilipoelewa namna ya kupima moduli. Mimi haikunisaidia kwa kutabiri atakachofanya mchezaji, maana hakuna wa kumtabiri fundi simu. Ilinisaidia kwa kunipa walioko pale, wanachotaka, na walipojificha. Mengine ni mdomo wangu.

Naendelea baada ya kula.

Kakakuona

Nimekaa siti ya mbele. Ila mkuu usitukimbie kama wale wa "itaendelea".

mgeni_njia

Samahani, hii michezo ya mizimu na wachawi si ndiyo ile ya kuingiza watu kwenye mambo ya giza? Nauliza kwa nia njema.

Kizibo17

Mgeni, swali halali, hata mama aliliuliza. Marekani kwenyewe miaka ya 1980 palichafuka kweli. Kulikuwa na kikundi cha kampeni dhidi ya mchezo huu, BADD, kilichoanzishwa na Patricia Pulling, na watu walilia kwenye televisheni kwamba unaroga vijana. Nilichomfanyia mama ni kumkaribisha Jumamosi moja. Akakaa na karanga zake. Baada ya saa nzima akaniuliza, "Sasa mbona mnahesabu tu?" Akaenda kulala.

Anazo hoja. Asilimia kubwa ni kujumlisha.

Bibi Nyuki

Mleta uzi, umesema dadu zilipotea. Dadu ya pande ishirini mliipata wapi?

Kizibo17

Hatukuipata. Ndiyo asili ya jina langu humu.

Tulikusanya vizibo 20 vya soda, tukaviandika namba kwa makapeni, tukavitia kwenye soksi safi (nasisitiza safi). Ukitaka kurusha dadu unaingiza mkono, unachomoa kimoja, unasoma, unakirudisha, unatikisa. Kihesabu ni ileile, kila namba ina nafasi moja kati ya 20, mradi ukirudishe.

Tatizo: kizibo namba 17 kilikuwa kimepinda kidogo, kilifunguliwa kwa meno. Wiki ya tatu nikaona binamu hakosi. Anapiga upanga, 17. Anapanda ukuta, 17. Anamdanganya mlinzi, 17. Mwalimu wa hesabu alikuwa anaandika kimya kimya pembeni ya karatasi yake, akasema, "Kijana, hii haiwezekani." Tukamkagua mkono. Alikuwa anapapasa!

Ukicheka, jua hata wenyewe walipita huko. Mwaka 1979 dadu ziliadimika, TSR waliokuwa wachapishaji wakauza maboksi yenye vikaratasi vya namba badala ya dadu. Unakata, unatia kwenye kikombe, unachomoa. Soksi yetu ina ukoo.

Siku hizi tunatumia programu ya simu, lakini soksi ipo, umeme ukikatika na simu zikiisha chaji inarudi kazini.

Dogo wa Eastleigh

Boss, sisi huku Nairobi tulicheza hiyo Phandelver na tukakufa wote pale kwa farasi. Wote wanne. Session ya kwanza, dakika arobaini. Niliona ni moduli mbovu, inaua wageni.

Kizibo17

Pole sana. Hapo tutabishana kidogo, lakini una hoja, nianze na upande wako.

Goblini wa toleo lile ana pointi 7 za uhai, anaongeza 4 kwenye dadu ya kupiga, na mshale wake unatoa dadu ya pande sita kujumlisha 2. Mchawi wa leveli ya kwanza ana pointi 7 au 8. Mshale mmoja wa bahati mbaya, amelala. Goblini akishapiga anaweza kujificha tena palepale. Wakiwa wanne, wakawavamia hamjajipanga, wanaweza kuwafyeka. Kama shambulio la kufundishia wageni, ni kali. Wanaosema hivyo hawajakosea.

Ila msimulizi wenu alisoma mpaka mwisho wa sehemu ile? Kijitabu kimesema magoblini wakishinda hawawaui. Wanawaacha mmezimia, wanawapora pamoja na mkokoteni, wanarudi pangoni. Yaani mnaamka njiani na kichwa kinauma, mmebaki na nguo, na alama za miguu zinaelekea msituni. Mimi naona huo ni mwanzo mzuri kuliko kushinda!

Kosa la mwandishi ni kwamba jambo muhimu namna ile limekaa kama nyongeza, msimulizi mwenye kiherehere analiruka. Ningekuwa mhariri ningeliweka juu kabisa.

Dogo wa Eastleigh

DM wetu hakusoma. Nimemtumia hii post. Amenijibu na emoji ya kaburi.

Kizibo17

Tuendelee. Pango la Cragmaw, maficho ya magoblini wale.

Hii sehemu ningeipa nyota zote. Kijito kinatoka mdomoni mwa pango. Upande mmoja kuna mbwa mwitu wamefungwa minyororo. Nyuma yao kuna ufa mwembamba kwenye mwamba unaopanda hadi chumba cha mkubwa wa pango, Klarg. Juu ya njia kuna daraja na goblini mlinzi. Ndani zaidi kuna mabwawa mawili, na magoblini wakishtuka wanabomoa kingo, maji yanashuka kwa nguvu, yanawazoa mliokuwa mnanyata kama takataka za mtaro wa Jangwani.

Kila chumba kinaongea na kingine. Kelele huku zinasikika kule. Ukipita kwa mbwa unafika kwa Klarg kwa mlango wa nyuma. Ukiisoma ramani ni vyumba vichache tu, lakini sisi ilituchukua Jumamosi mbili na hakuna aliyechoka.

Na kuna Yeemik. Huyu ni goblini namba mbili, anamchukia bosi wake, na amemshika mateka anayeitwa Sildar. Anawaambia: nileteeni kichwa cha Klarg, nawapa mtu wenu. Kijitabu kinamnong'oneza msimulizi kwamba ni tapeli, akishapewa kichwa atadai na hela.

Dada yangu anauza vitenge Kariakoo. Nilipomaliza kutoa sauti ya Yeemik, aliweka kikombe chini.

"Mtu wenyewe yuko mzima? Mgeuze nimwone mgongo."

Nikamgeuza.

"Huyu ameumia. Kichwa cha bosi mzima kwa mtu mbovu? Hapana. Nipe mtu sasa hivi, kichwa nakuletea jioni. Usipotaka, nampelekea Klarg habari kwamba unauza kichwa chake."

Nilikaa kimya labda nusu dakika. Yeemik wangu hakuwa na pa kutokea, kila alichonacho ni siri ile. Nikamrushia dadu ya kutisha, akatoka na 4, ovyo kabisa. Lakini nilikataa kufuata dadu. Hoja ilikuwa nzito kuliko namba. Yeemik akamwachia Sildar, na baadaye akawa ndiye aliyekimbia kwenda kuwasemea wengine.

Mwandishi wa moduli hakumjua dada yangu. Alimwandika Yeemik mwenye tamaa moja na woga mmoja, basi. Hivyo viwili vilitosha biashara ikafanyika.

Mpemba wa Mbezi

Uzi umeshiba huu. Swali: "goblini" kwa nini usiseme vibwengo? Tuna maneno yetu, tunakopa ya nini?

Kizibo17

Nilijaribu, kaka! Kikao cha kwanza niliwaita vibwengo kwa kujidai. Nikasema, "Vibwengo wanne wanatoka vichakani."

Mwalimu akaweka penseli chini: "Kibwengo hapigwi panga."

Binamu: "Tunarudi. Tunatafuta mganga kwanza."

Mchezo ukasimama. Hawakukosea, neno lilishakuja na sheria zake kutoka nyumbani. Kibwengo anaombwa, anatolewa, analipwa, huwezi kumhesabia pointi 7 za uhai. Ikabidi nirudie: hawa ni watu wafupi wabaya wenye pinde, wanavuja damu, tuwaite magoblini. Mara moja mapanga yakatoka.

Ila hilo neno nimeliweka akiba. Siku nikitaka wachezaji waogope kitu bila kukipiga, nitalitumia na sitaeleza chochote.

Mpemba wa Mbezi

Hahaha. Na kibwengo kwetu ni wa pwani, hana kazi msituni. Umefanya vizuri kumrudisha.

Bibi Nyuki

Hili la lugha limenigusa. Mimi huendesha mchezo kwa Kiingereza kwa sababu vile visanduku vya kusoma kwa sauti vimeandikwa Kiingereza. Wewe unavitafsiri kwanza nyumbani au papo hapo?

Kizibo17

Papo hapo, Bibi, na hapo ndipo nilipogundua kipimo changu cha pili. Nieleze, maana ndicho nilichotaka kusema tangu mwanzo nikapotea kwa vizibo.

Moduli nyingi zina visanduku: msimulizi asome haya maneno kwa sauti wachezaji wakiingia chumbani. Ukisoma kimya, ni matamu. Hewa nzito, giza la kale, ukimya wenye kutisha, vivuli vinavyocheza. Sasa jaribu kuvitoa mdomoni kwa Kiswahili, watu watatu wanakutazama na mmoja anamenya chungwa. Ukimya wenye kutisha? Mwalimu atauliza, "Kwa hiyo hakuna kitu?"

Ukitafsiri kwa mdomo huna muda wa kubeba mapambo. Unachukua vinavyoshikika: kuna meza, kuna mlango upande wa kulia, sakafu imelowa, kuna harufu ya mbwa. Visanduku vingine nikivichuja hivyo hubaki sentensi tatu nzuri. Vingine aya nzima inabaki "mmeingia chumbani". Hapo nimeshajua mwandishi hakuwa na chumba, alikuwa na hisia.

Pango la Cragmaw linachujwa vizuri. Maji, mbwa, ufa, daraja. Vyote vinatafsirika kwa pumzi moja, na kila kimoja mchezaji anaweza kukifanyia kitu. Sasa hivi nikinunua au nikiazima moduli, nafungua ukurasa wowote wenye kisanduku, nakitafsiri kwa sauti nikiwa jikoni. Kama kinanishinda au kinayeyuka, naiacha.

Ukipenda, sheria zenyewe unaweza kuzitafsiri kwa maandishi bila kuvunja haki ya mtu. Mwezi Januari 2023, baada ya mtafaruku mkubwa wa leseni, Wizards of the Coast, wachapishaji wa sasa, walitoa sheria za msingi (SRD 5.1) chini ya leseni ya Creative Commons. Unatafsiri, unachapisha, hata unauza, mradi uwataje. Moduli zenyewe hazimo kwenye ruhusa hiyo, kwa hiyo Phandelver itabaki mdomoni.

Bibi Nyuki

Nimejaribu sasa hivi na moduli yangu. Kisanduku cha mistari kumi na moja kimebaki: "Kuna kiti." Nimeumia.

Kakakuona

😂😂 Kuna kiti.

Kizibo17

Bibi, labda kiti kina kitu chini yake. Angalia.

Haya, tumalizie Phandelver, maana nimeisifu mno na haistahili yote.

Ukitoka pangoni unafika Phandalin, kijiji kimekaliwa na genge la Redbrands. Maficho yao yako chini ya magofu ya Tresendar. Mle ndani kuna dubwana la jicho moja, nothic, linalosoma siri za mtu moyoni, na mnaweza kulihonga kwa chakula badala ya kupigana. Fundi simu alilipa nyama ya mmoja wa Redbrands waliokwishakufa. Hatukumwangalia vizuri wiki nzima.

Halafu Thundertree. Kijiji kilichokufa, na ndani ya mnara joka la kijani, Venomfang, changa lakini lina pointi 136. Wachezaji wanaweza kufika pale wakiwa leveli ya tatu. Pumzi yake ya sumu ni dadu 12 za pande sita, wastani 42. Piga hesabu kama mwalimu alivyotupigia ubaoni: mchawi ana pointi 18. Akila 42 yote, 18 zinaisha, zinabaki 24. Sheria inasema kilichobaki kikifikia uhai wako wote, umekufa papo hapo, hakuna kujiokoa. Na 24 ni zaidi ya 18.

Mchawi wa mwalimu akafa hivyohivyo, kwa hesabu yake mwenyewe. Akasema "sahihi", akachana karatasi.

Nalalamika? Kidogo. Joka kutoroka likifikia nusu ya uhai ni jambo zuri, limeandikwa mle na linaeleweka, joka linajipenda. Lakini hakuna tahadhari ya kutosha njiani. Mtu wa kuwaonya yupo, mzee Reidoth, ila anaishi humohumo kijijini, mnaweza kumfikia mkiwa mmeshachelewa. Mimi ningemtoa nje, akae barabarani anakaanga samaki. Msimulizi yeyote atakayeendesha moduli hii, amhamishe.

Kubwa zaidi ni adui mkuu, Nezznar, jina la kazi Buibui Mweusi. Yeye ndiye nyuma ya kila kitu. Kwenye kusoma unamwona kila sura, maana mwandishi anakutajia. Mezani wachezaji hawamwoni mpaka mwisho kabisa, kwenye mgodi wa Wave Echo. Wanaambulia jina kwenye barua moja hapa, tetesi kule. Tulipomfikia, baada ya miezi mitatu na nusu, nikasema kwa sauti nzito, "Mbele yenu amesimama Buibui Mweusi."

Binamu akageuka kwa dada: "Nani tena huyu?"

Miezi mitatu na nusu!

Hilo msomaji wa kitandani hawezi kuliona hata aisome mara kumi. Ukisoma kwa siku mbili, jina la ukurasa wa 5 bado liko kichwani ukifika wa 50. Ukicheza Jumamosi kwa Jumamosi, na moja mvua, na moja msiba, jina lisilo na uso linapotea. Anayeendesha: mlete mapema. Apite Phandalin kwa sura nyingine, anunue mkate, amsaidie dada kubeba mzigo. Mfanye mtu waliyemshukuru.

Kwa jumla ni moduli ninayomshauri anayeanza, kwa sababu ya pango na Yeemik. Sehemu ya mwisho andika upya.

Dogo wa Eastleigh

Na zile za zamani? Kuna mtu hapa anasema Tomb of Horrors ndiyo baba lao.

Kizibo17

Tomb of Horrors sijaiendesha, kwa hiyo kwa sheria yangu mwenyewe sina haki ya kuihakiki. Ninachojua ni asili yake: Gygax aliiandika kwa ajili ya mashindano ya Origins mwaka 1975, ikachapishwa 1978. Ndiyo ile yenye uso wa shetani wa kijani ukutani, mdomo wazi mweusi, na anayeingiza mwili mdomoni anafutika. Iliandikwa kuwakomesha wanaojiona mabingwa. Kwa timu yetu, kumpeleka fundi simu mbele ya mdomo uliowazi ni kumuua makusudi.

Niliyoiendesha nusu ni The Keep on the Borderlands, ya Gygax pia, ile iliyokuwa inawekwa kwenye boksi la wanaoanza kuanzia mwaka 1979. Ngome moja, na bonde lenye mapango ya makabila: makobolti, magoblini, maoki, zimwi la kukodi. Watu wa ngomeni hawana majina, ni "mwenye benki", "mwenye baa". Wengi wanaona ni uvivu. Mimi iliniokoa, niliwapa majina ya kwetu na hakuna aliyejua.

Kitu kimoja cha kuchekesha. Kuna jedwali la tetesi wanazosikia wachezaji baa, nyingine kweli nyingine uongo. Moja inasema neno "bree-yark" ni la kigoblini, maana yake "tunajisalimisha". Ni uongo, kumbe ni mwito wa kuitana kwa vurugu. Nilimwambia binamu tetesi hiyo wiki ya kwanza. Wiki ya nne, wakiwa wanashinda kabisa, magoblini wamebaki watatu, yeye kwa huruma akapaza sauti: "Bree-yark! Bree-yark!" akidhani anawaambia wajisalimishe.

Pango zima likatoka.

Zaidi ya miaka arobaini limekaa kwenye karatasi likimsubiri.

Kakakuona

Nimecheka peke yangu kwenye mwendokasi, watu wananiangalia. Mnacheza nini sasa?

Kizibo17

Jumamosi hii tunaanza Ravenloft, ile ya mwaka 1983 ya Tracy na Laura Hickman. Kasri la mnyonya damu Strahd. Nimeichagua kwa sababu moja: kabla ya kuanza unachanganya karata za kawaida, na karata zinaamua silaha ya kumuua imefichwa wapi na yeye mwenyewe mtamkuta wapi. Kwa hiyo hata aliyeisoma hawezi kutuharibia, na fundi simu nimeshamkamata akiipekua mtandaoni.

Mapitio nitaleta tukimaliza. Siyo kabla, msinisumbue.

Ila nina shida. Nimehesabu karata za dada usiku huu, ziko 51. Ree ya shupaza haipo. Aliyepo Sinza, Mwenge au Kijitonyama na ana pea isiyokamilika yenye ree ya shupaza, anitumie ujumbe kabla ya Jumamosi saa kumi. Soda ipo, na kizibo tutakihitaji, kile cha 17 binamu ameondoka nacho.